Diski Ambayo Haikufungwa

Kamanga, Jumatatu 27 Mei 2024

Mwanangu Venant,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kifua kimekuachia. Mimi nipo. Magoti yanauma asubuhi, ikifika saa nne yananyamaza. Maharage yamekomaa, tunaanza kuyang'oa wiki hii.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu naichajia kwa baba yako mdogo Kashaija, na siku hizi ikilia anaipokea yeye kwanza. Barua hii anakuletea Dorotea, yule anayevusha ndizi kwenda soko kuu. Jibu kupitia kwake.

Ukoo umeitishwa. Jumamosi tarehe 22 Juni watakaa hapa uani. Kashaija anasema kaka yake hakuacha maandishi, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo, na mimi nirudi kwa ndugu zangu Muleba. Alisema hivyo huku anakula chakula nilichompikia. Nikamjibu kwamba marehemu alitamka mwenyewe, siku ya kumuaga dada yako Queen, mbele ya ukoo na wageni, kwamba nyumba hii amenipa mimi. Akacheka. "Shemeji, maneno ya kwenye sherehe ni kama soda, ukishafungua gesi inaisha."

Ndipo nikakumbuka kamera uliyoshika siku ile. Ile diski ndogo uliyoniachia, inayoenea kwenye kiganja, ipo kwenye kopo la majani ya chai. Jana niliipeleka kibandani kwa Alexander, anayeonyesha mpira. Akaiweka kwenye deki. Ikazunguka, ikakoroma, halafu televisheni ikaandika kwamba hakuna diski. Hakuna diski, nasi tumeiweka kwa mikono yetu! Alexander akasema, "Mama, hii ni tupu." Kabla sijafika nyumbani, Kashaija alikuwa ameshaambiwa.

Siwezi kukimbilia baraza la kata. Huko wataomba muhtasari wa ukoo kwanza, na muhtasari ndio huo utakaoandikwa tarehe 22.

Wewe ndiye uliyerekodi. Baba yako yumo humo au amefutika?

Mama yako,
Teodora


Nyamagana, Jumatano 29 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, nashukuru. Kazi ya steshenari inakwenda, ingawa mashine ya kudurufu inasumbua kila Jumatatu kama mwanafunzi mtoro. Pole kwa magoti na pole zaidi kwa hayo mengine.

Jambo la kwanza: usiiweke diski hiyo kwenye mashine yoyote tena. Naomba usome barua hii mara mbili.

Nimefungua shajara yangu ya mwaka 2012. Jumamosi tarehe 8 Septemba niliandika hivi: "Sendofu ya Queen. Kamera ya studio ya Nathaniel. Diski ndogo mbili. Ya kwanza nimemwachia mama, haijafungwa." Tatizo letu ni neno hilo la mwisho. Nitakueleza.

Kurekodi ni kuweka picha na sauti kwenye diski. Kufunga ni kazi nyingine, nayo hufanywa mwishoni: kamera inaandika kwenye diski orodha ya yaliyomo, ili mashine nyingine zijue pa kuanzia kusoma. Diski isiyofungwa husomwa na kamera iliyoirekodi, au nyingine ya aina yake. Deki ya Alexander ilitafuta hiyo orodha, haikuiona, ikasema hakuna diski. Haikusema baba hayumo.

Sasa angalia upande wenye maandishi. Ukikuta DVD-R, hiyo huandikwa mara moja tu. Ukikuta DVD-RW, huandikwa, hufutwa na kuandikwa tena. Naiombea iwe ya kwanza. Kuna deki zinazorekodi ambazo zikipewa RW iliyo wazi huuliza kama ziiandae. Kuiandaa, mafundi husema kufomati, maana yake ni kuifuta. Mtu akibonyeza "ndiyo", kazi imekwisha.

Ningevuka mwenyewe. Unajua kwa nini sivuki. Wazee walisema nisikanyage uani mpaka nimwombe radhi baba mdogo kwa lile kofi nililompiga kwenye msiba wa baba, nami bado sijaweza.

Niandikie herufi hizo mara moja.

Mwanao,
Venant


Kamanga, Jumapili 2 Juni 2024

Mwanangu Venant,

Marahaba. Mimi mzima, lakini usingizi umenikimbia.

Dorotea alikosa feri Alhamisi, barua yako nikaipata Ijumaa jioni. Asubuhi ya siku hiyohiyo Alexander alikuwa amepita hapa. "Mama, nina deki nyingine, hii inarekodi. Nipe ile diski yako niijaribu." Nikampa. Nikamshukuru hata.

Niliposoma lile neno kuandaa, nilitoka nimevaa ndala mbili za mguu wa kushoto. Nikamkuta Alexander anafagia kibanda, na Kashaija amekaa kwenye benchi la mbele kama mwenye tiketi.

"Alexander, diski yangu."

"Hii hapa, mama. Deki iliuliza swali."

"Ikauliza nini?"

"Kiingereza. Kulikuwa na ndiyo na hapana."

"Wewe ukajibu nini?"

Akakuna kichwa. "Nadhani nilizima, mama."

"Unadhani?"

"Kulikuwa na wateja, mama. Kama sikuzima, nilibonyeza hapana. Moja kati ya hayo."

Kashaija akaniangalia miguuni. "Shemeji, diski tupu ndiyo imekufanya usahau viatu?" Benchi zima likacheka. Nikachukua changu, nikaondoka.

Herufi nimezisoma kwa miwani, kisha kwa mwanga wa jua. Ni RW.

Mama yako,
Teodora


Nyamagana, Jumanne 4 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana. Usimlaumu Alexander mbele za watu, maana siku ya kikao tutaihitaji deki yake.

Fanya hivi. Shika diski kwa ukingo tu, vidole visiguse upande unaong'aa. Igeuze, uilaze kidogo kuelekea dirishani. Sehemu iliyoandikwa huwa na weusi tofauti na sehemu isiyoandikwa, na uandishi huanza karibu na tundu kuelekea nje. Niambie weusi huo unafika wapi. Sitakudanganya: hautatuambia kama Alexander alibonyeza "ndiyo", kwa sababu diski ikifutwa haraka alama hubaki. Utatuambia tu kiasi gani kilirekodiwa.

Mikwaruzo isikutishe. Mkwaruzo huharibu kipande, kufomati huondoa vyote.

Nathaniel alifunga studio siku nyingi, yuko Misungwi anauza mbegu na dawa za mifugo. Nimempigia. Kamera anayo bado, anasema imelala kwenye boksi tangu 2015. Kwa hiyo diski lazima ivuke. Mpe Dorotea ailete.

Mwanao,
Venant


Kamanga, Ijumaa 7 Juni 2024

Mwanangu Venant,

Marahaba, baba. Leo naandika kwa mkono mwepesi. Nimeilaza kuelekea dirishani kama ulivyosema, na weusi umejaa! Umeanza kwenye tundu ukafika mpaka ukingoni, hakuna hata nafasi ya kupitisha uzi. Baba yako alikuwa na maneno mengi siku ile, nawe ukayakamata yote. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Shangazi yako Prudencia ameshafika kutoka Bukoba. Amelala kwa Kashaija, si kwangu. Amenisalimia kwa adabu zote, akauliza vyumba ni vingapi, akavihesabu. Ndiye mkubwa wao, na akishasema neno mzee Obedi, mwenyekiti wa ukoo, analiandika tu. Siku ile ya Queen alikaa mstari wa mbele, lakini nilipomuuliza kama anakumbuka, alisema miaka ni mingi.

Diski anayo Dorotea. Nimeiweka katikati ya kadi mbili za kliniki, nikaifunga kwa kitambaa, akaitia kifuani. Nilimsindikiza mpaka feri ikaondoka; barua hii ataileta safari ijayo. Nimekaa siku nyingi na kitu hicho kwenye kopo bila kukifikiria, leo nilihisi nimempandisha mtoto mchanga.

Mama yako,
Teodora


Kamanga, Jumatano 12 Juni 2024

Venant,

Dorotea amevuka mara mbili akarudi mikono mitupu. Anasema alikukabidhi mkononi. Hujambo? Zimebaki siku kumi. Kama alibonyeza "ndiyo", niambie, nianze kufunga vitu vyangu kwa utaratibu.

Mama


Misungwi, Alhamisi 13 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeichana mara tatu.

Alexander hakubonyeza. Baba yumo.

Betri ya kamera imekufa, lakini ikichomekwa ukutani inawaka. Tuliiweka diski ndani, tukasubiri, kisha uani kwetu kukatokea kwenye kile kioo kidogo. Umevaa kitenge cha kijani. Queen anakata keki. Baba anasimama na kumtania baba mkwe wa Queen kwamba amekuja kuchukua binti na bado anaomba nyama ya kuongeza. Wote mnacheka. Hata baba mdogo anacheka, anamshika baba bega. Kisha baba ananyoosha mkono watu wanyamaze. Anasema: "Ndugu zangu wa ukoo, mpo wote, sitarudia. Nyumba hii nimempa..."

Diski inaishia hapo, mama.

Uliponiandikia kwamba weusi umefika ukingoni, ulifurahi, nami nilikaa chini. Diski ndogo hubeba dakika kulingana na ubora wa picha unaouchagua. Ubora wa chini hubeba dakika sitini, wa kati thelathini, wa juu kabisa ishirini. Kadiri picha inavyokuwa safi ndivyo inavyokula nafasi. Nilichagua wa juu kabisa. Nilitaka Nathaniel aone kazi nzuri aniajiri moja kwa moja. Dakika ya ishirini kamera ikazima, nikabadilisha diski, na maneno yaliyofuata sikuyakamata. Na kama sehemu yoyote ya hotuba iliingia kwenye diski ya pili, haipo. Shajara ya tarehe 15 Septemba inasema: "Harusi Igogo. Diski zimepungua, nimefuta ile ya pili ya sendofu." Pale studio tulikuwa tukizifuta RW kila wiki, ili mradi kilichomo kimenakiliwa. Hicho sikuwa nimekinakili. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa na wala sikustuka.

Sasa sikiliza, na uniambie. Jana tuliitoa picha kwa waya tukaiingiza kwenye kompyuta ya Nathaniel, kwa hiyo tunayo nakala. Nathaniel ameisikiliza mara mbili akasema, "Venant, mzee amekupa kila kitu. Dakika ya tatu hapa anasema 'mke wangu Teodora'. Tunakata hilo, tunalipachika pale mwisho. Kazi ya dakika kumi." Akanionyesha. Mama, inasikika. "Nyumba hii nimempa mke wangu Teodora." Kwa sauti yake mwenyewe. Ungesema ndivyo alivyotamka.

Nayo si uongo, kwa sababu ndivyo alivyotamka. Nilikuwepo, nilimsikia.

Tukifanya hivyo tutapeleka nakala tu, na kusema diski yenyewe imeharibika. Tusipofanya, itabidi niifunge hii yenyewe ili deki ya Alexander iisome mbele yao, na itakatika hapo inapokatika. Na kufunga kuna hatari: umeme ukiondoka katikati, diski inaweza isisomeke tena popote.

Amua wewe. Nyumba ni yako.

Mwanao,
Venant


Kamanga, Jumamosi 15 Juni 2024

Mwanangu Venant,

Marahaba. Nimesoma nje, ili Prudencia asinione usoni.

Ulikuwa na miaka ishirini na moja na ulitaka kazi. Hilo limepita, usilibebe kwangu.

Kuhusu kupachika, hapana. Kashaija akisema "irudishwe nyuma tuisikie tena", je? Mzee Obedi akiomba diski yenyewe, je? Lakini hata wasingeuliza. Nimeishi na mtu yule miaka thelathini na minne. Alipokuwa anataka kusema jambo zito alikuwa anapumua kwanza. Hapo mlipopachika, alipumua? Mimi ningekaa uani nikisikia mume wangu anasema bila kupumua, na ningejua, na ningelala katika nyumba hiyo nikijua.

Baba yako alisema mwenyewe. Usimsemeshe.

Funga diski ileile. Ikifa, imekufa.

Mama yako,
Teodora


Nyamagana, Jumatano 19 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Nilisubiri siku mbili Misungwi kwa sababu umeme ulikuwa unacheza. Jumatatu ukatulia. Nathaniel alizima friji, pasi na redio ya dukani, na mke wake akasimama mlangoni asiingie mtu. Nikabonyeza "funga". Kamera ikaandika kwamba itachukua dakika sita na isitikiswe. Dakika ya nne taa ya ukumbini ikafifia, ikawa kama kibatari, nikaona kioo cha kamera nacho kinafifia. Nathaniel akasema, "Usiiguse! Usiiguse!" wakati hakuna aliyekuwa anaigusa. Taa ikarudi. Dakika ya sita ikaandika: imekamilika.

Tumeijaribu kwenye deki ya jirani. Inasoma. Ile iliyopachikwa nimeifuta mbele ya Nathaniel, akasema mimi ni mjinga, kisha akanipa mbegu za mchicha nikuletee.

Mwelekeze Alexander: mlango wa deki una duara dogo ndani ya duara kubwa. Hii ikae kwenye lile dogo. Asilazimishe.

Dorotea anavuka leo. Mimi nitakuwa nimekaa na simu, ingawa najua hutapiga.

Mwanao,
Venant


Kamanga, Jumapili 23 Juni 2024

Mwanangu Venant,

Marahaba, na poleni wote kwa kazi ya Misungwi. Mbegu nimezipata. Naamini u mzima. Mimi nina usingizi wa kulipiza, lakini nataka uyapate haya yakiwa bado ya moto.

Walianza kikao saa tano asubuhi, watu kumi na tisa. Kashaija alisema yake kwa muda mrefu. Kisha mzee Obedi akaniuliza kama nina maandishi. Nikasema sina, nina diski, na imekatika. Nilitangulia kusema kwamba imekatika. Kashaija akaangua kicheko. "Jamani, hata tupu yenyewe haijakamilika!"

Alexander alileta televisheni kwa toroli. Akaiweka diski kwenye duara dogo kama bibi harusi anavyokalishwa. Deki ikazunguka. Ikakoroma vilevile kama siku ile, nikafumba macho. Nikasikia ngoma.

Venant, hakuna aliyekuwa tayari. Walikuja kumsema mtu, wakamkuta amesimama. Wengine waliomo kwenye picha wameshakufa. Wengine walikuwa wanajiona wenyewe wakiwa na nywele nyeusi, wananyoosheana vidole. "Huyo si wewe?" "Tazama shati hilo!" Prudencia alijiona mstari wa mbele, na kile kilemba cha njano, akasogeza kiti karibu bila kujua kama anasogeza.

Baba yako akatania wakwe. Wakacheka tena kicheko kilekile. Akanyoosha mkono, na hata hawa wa jana wakanyamaza. Akapumua. "Ndugu zangu wa ukoo, mpo wote, sitarudia. Nyumba hii nimempa..."

Picha ikasimama.

Na shangazi yako, macho yapo kwenye televisheni, akamalizia kwa sauti, kama mtu anavyoitikia kanisani: "...Teodora, na asije mtu kumsumbua."

Prudencia akajishika mdomo.

Kashaija akasema, "Dada!"

"Nini?"

"Hilo halikusemwa pale."

"Pale halikusemwa. Lilisemwa hapa." Akapiga ardhi kwa kiatu. "Na wewe ulipiga makofi ya kwanza, mpaka nikakuambia punguza, unaniumiza sikio. Mbona unanitoa macho? Nimeshasema, nitayameza vipi?"

Mzee mmoja akasema naye anakumbuka hayo ya kusumbua. Kisha mwingine. Mzee Obedi akamuuliza Kashaija mara moja tu: "Ulipiga au hukupiga?" Kashaija aliangalia televisheni, pale kaka yake alipobaki amenyoosha mkono. Akasema, "Nilipiga."

Muhtasari umeandikwa na wote wametia sahihi. Nyumba ni yangu, na atakayeirithi nikifa nitamchagua mwenyewe. Nakala ninayo, utaidurufu kumi. Wazee wamesema pia uvuke Jumamosi umwombe radhi baba yako mdogo kwa lile kofi. Utavuka na utaomba, na sitaki barua ya kujadiliana.

Watu walipoanza kunyanyuka, Alexander akaanza kukusanya waya. Kashaija akamshika mkono. Alisema kwa sauti ndogo, nami nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu: "Irudishe mwanzo. Nilikuwa nimeisahau sauti yake."

Alexander akairudisha. Waliokuwa wameshaanza kuondoka wakakaa tena. Tukaangalia yote, keki, ngoma, utani wa nyama, mpaka pale alipopumua na pale inapokatika, na mara hii hakuna aliyemalizia.

Mama yako,
Teodora